Sita na Sita

Doki imefika Hombolo kwa basi la saa nne,
ndani ya boksi la sabuni lililokazwa kamba nyeusi, nene.
Mhasibu Nyemo ameiweka juu ya leja,
akachomeka waya, taa ya kijani ikawaka,
akanigeukia: "Si umeona? Inafanya kazi."

Sijaona kitu.
Taa ni taa. Hata pasi ina taa.
Nimekuja na pikipiki kutoka mjini,
vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye kope;
siwezi kusaini karatasi kwa ajili ya taa.

Naichomoa.
Anashtuka, kama mtoto kanyang'anywa ziwa.
"Subiri, mama. Tuwahesabu kwanza walio ndani,
ndipo tumkaribishe aliye nje."
Dirisha jeusi, herufi nyeupe. Naandika neno moja la amri
na kompyuta inataja watu wake:
kamera, kibodi, kipanya,
bluetooth ambayo tangu inunuliwe haijatumwa popote,
na wengine wawili wa humo humo.
Mistari sita. Naandika 6 kiganjani kwa kalamu yake.

Haya, chomeka.
Kijani ile ile, inajiamini.
Nauliza tena.
Sita.

Kazi yangu ipo hapo, kati ya sita na sita.
Mgeni kasimama mlangoni, kaoga, kang'aa,
na ndani hakuna aliyesikia hodi.

Benchi la nje limejaa wakulima wa zabibu;
walivuna Machi, leo upepo wa Juni unawapiga mchanga masikioni.
Malipo yao yamo kwenye jedwali pana
ambalo skrini ndogo hulionyesha kipande kipande,
jina huku, hela kule,
na Nyemo amekwisha kumlipa mtu wa mstari wa chini.
Chidumizi anachungulia dirishani:
"Imeijua?"
"Bado. Inailisha tu."

Najaribu tundu la pili. Sita.
Nazima, nawasha, tunangoja, feni inakohoa. Sita.
Napuliza tundu, vumbi linanirudia usoni. Sita.
Halafu naushika waya wenyewe.
Mweupe, mwembamba, shingo imefungwa plasta.
"Mama Nyemo, huu ni wa nini?"
"Wa simu yangu. Si unaingia?"
Unaingia. Unapitisha umeme,
haupitishi neno.
"Na wake uko wapi?"
"Haukuja."

Namtazama. Natazama boksi la sabuni pale pembeni.
Natazama ile kamba.

Ina vichwa viwili, imara, vinavyong'aa.
Kondakta kaufunga fundo la kufungia mbuzi;
nalifungua kwa meno, Nyemo kajifunika uso kwa leja, anacheka.

Nachomeka.
Kompyuta inaguna, nota mbili, ya chini halafu ya juu,
na orodha inashuka, inashuka:
kumi na moja.

"Mbona watano?" anauliza. "Mimi nimenunua kimoja."
Kimoja, ndiyo, ila humo ndani kuna kigawanyio,
na kigawanyio kingine tumboni mwa cha kwanza,
kuna wa mtandao, kuna wa sauti,
na huyu wa mwisho hana jina, namba tupu.
Lile jina la kwenye boksi halimo kabisa.

Chidumizi amekwisha kuingia, hakuna aliyemwita.
"Hilo nalijua," anasema.
"Kanisani mimi ni Yoeli. Kwenye kitambulisho, Joeli.
Nyumbani Chidumizi. Kwa huyu mama, mia na kumi na nne.
Msimu uliopita hela ilimtafuta Joeli,
Joeli hakuwepo."

Skrini kubwa inawaka.
Jedwali linatandazika, jina na hela kwenye mstari mmoja,
na Nyemo anashuka kwa kidole, taratibu,
mia na kumi na mbili, na tatu,
Chidumizi kaacha kupumua.

Nimesaini. Kwenye nafasi ya maoni nimeandika:
kimetambuliwa, isipokuwa mmoja.
Mpaka nafika kwenye pikipiki jasho limeila ile sita,
umebaki mkia wake,
na nyuma yangu, kupitia dirishani,
mtu anaitwa kwa majina yake yote.